Kamera Ndani ya Ndoo ya Dagaa

“Hivi Mama Elias, mtu akikupa mzigo umpelekee mwenzake, huwa unaufungua kwanza?”

Jirani yangu Jasuben aliniuliza hivyo siku moja dukani kwake, mkasi mkononi, akinikatia kitambaa cha sare ya jumuiya.

Nilicheka. “Jasuben, nikifungua mzigo wa mtu si nitakuwa nimeshamwita mwizi?”

Yeye hakucheka. “Kwenye basi, sawa. Kwenye ndege, mama, mzigo ni wa aliyeushika.”

Nikaondoka na kitambaa changu, maneno yake nikayaacha palepale juu ya meza. Laiti ningeyakunja pamoja na kitambaa.

Kwa mnaoingia leo katika mkasa huu, niwakumbushe kidogo. Mimi naitwa Modesta. Marehemu mume wangu, Revocatus, alikuwa mpiga picha za harusi na za komunyo ya kwanza hapa Mwanza. Ziko nyumba nyingi Kirumba na Nyakato ambazo picha ya ukutani ni kazi ya mkono wake. Alipofariki, ndugu zake walikuja na fuso. Wakabeba kabati, makochi, friji, hadi pazia la chumbani. Kamera hawakuipata. Nilikuwa nimeizamisha ndani ya ndoo ya dagaa wakavu. Walipofunua wakaona samaki, wakaziba pua, wakaendelea na mengine.

Wiki iliyopita niliishia pale binti yangu Precious aliponipigia simu kutoka Dar. Amepata kazi ya kupiga picha, ila tajiri wake anataka kila mtu aje na kamera yake. “Mama, asipoiona kufikia mwisho wa mwezi anamchukua mwingine.” Nami sikuwa na nauli hata ya basi. Nikaanza novena.

Siku ya mwisho ya novena, mlango ukabishwa. Elias.

Elias ndiye kifungua mimba wangu. Ni mtu mzima sasa, yuko machimboni upande wa Geita. Siku hizi daraja la Kigongo limekwisha, hakuna tena kungoja kivuko, lakini mwanangu huyo huvuka kwa mambo mawili tu, msiba au njaa. Siku hiyo hakuwa na msiba wala njaa. Alikuja na tiketi ya ndege.

“Mama, basi litakuvunja kiuno. Na kamera ya baba haitaki mtikisiko. Utapanda ndege.”

“Hela umepata wapi, baba?”

“Aa, Mama! Wewe si ndiye unayesali? Mungu akijibu tena unamuuliza ametoa wapi?”

Nikapiga magoti hapohapo sebuleni nikashukuru. Nilipofumbua macho nilimwona anaangalia saa yake.

“Kuna kitu kimoja tu,” akasema.

Akatoa kwenye begi kopo la maziwa ya unga, lile kubwa, mfuniko umezungushiwa soltepu raundi kwa raundi.

“Samli. Ukifika Dar kuna rafiki yangu atakupokea nje ya uwanja. Mkabidhi.”

Nikalipokea. Mkono ukashuka wenyewe.

“Samli gani nzito hivi?”

“Ya Kisukuma hiyo, Mama, si ya dukani. Na usiifungue, ikipata hewa inachacha.”

Wasomaji wangu, mimi nimezaliwa Misungwi. Nimesuka maziwa kwenye kibuyu kabla sijajua kusoma. Samli ni kitu chepesi. Ukiidondosha kwenye maji inaelea. Ile iliyokuwa mkononi mwangu ingezama ziwani kama nanga.

Mkono wangu ulijua. Lakini mzigo wa mtoto uliyemzaa unaufunguaje? Utamwangalia usoni kwa macho gani?

Nikaliweka kopo chini ya meza. Nikasema, “Nitamfikishia.”

Kabla ya safari nilipita kwa Jasuben kumuaga. Yeye ndege kwake ni kama bajaji, maana watoto wake wametawanyika huku na huku. Alinikalisha kwenye kigoda akaanza kunifundisha.

“Kamera, mkononi. Betri toa ndani, kila moja mfuko wake wa nailoni, zisigusane, nazo mkononi. Kadi ya picha weka hapa kifuani. Lenzi ivishe soksi. Mimi bangili zangu nikisafiri nazivaa, haziingii kwenye sanduku hata siku moja. Kwenye sanduku weka kitu ambacho kikipotea utalia, kisha utakwenda kula.”

“Nikiishika mkononi si kila mtu ataiona?”

“Acha waione. Na wewe utakuwa unaiona.”

“Jasuben, ndoo hii imewashinda mashemeji na fuso lao. Leo ishindwe na ndege?”

Akanitazama juu ya miwani. “Mbishi wewe. Haya, nenda na Mungu wako.”

Nikaenda nikapakia nijuavyo mimi. Kamera niliifunga kwenye shati la Jumapili la Revocatus, juu yake nailoni, juu yake kanga. Betri ikiwa ndani yake, na za akiba nikazichomeka pembeni pamoja na chaja. Dagaa chini, kamera katikati, kopo la Elias ubavuni, dagaa tena juu. Nikafunika kwa kipande cha kiroba, nikashona mdomo wa ndoo kwa shazia. Nikaifanyia ishara ya msalaba.

Mwizi gani angehangaika na ndoo inayonuka vile?

Asubuhi Elias alikuja na pikipiki. Alikuwa amevaa helmeti na kile kikoti cha kung'aa cha bodaboda.

“Pikipiki ya nani?”

“Ya jamaa.”

“Na kikoti?”

“Cha jamaa pia. Bila hiki trafiki wanasumbua. Panda, Mama, tunachelewa.”

Nikaona ni ajabu kidogo, mchimbaji kuvaa kikoti cha bodaboda. Nikapanda tu. Ndoo tukaifunga nyuma kwa mpira.

Tulipofika uwanjani akashusha ndoo, akaikabidhi mikononi mwangu haraka, kama chungu cha moto.

“Mimi siruhusiwi kuingia. Nitakaa pale nje mpaka ndege iruke.”

Nikasema moyoni, tazama, hata Elias ana upendo. Nikamwekea mkono kichwani, juu ya helmeti, nikambariki.

Mlangoni kuna mashine inayomeza mizigo. Ndoo yangu ikaingia. Mkanda ukasimama. Ukarudi nyuma. Ukaenda mbele tena, ukasimama.

“Ndoo ya nani hii?”

Aliyeuliza ni mkaguzi mnene wa makamo, kifuani ameandikwa jina Chenge.

“Yangu, baba.”

“Shikamoo mama.”

“Marahaba.”

“Ndani kuna nini?”

“Dagaa.”

Akageuza kioo cha mashine kidogo nikione. “Dagaa wa kwetu siku hizi wanavuliwa na betri zao tumboni?”

Watu wa nyuma yangu wakacheka.

Tukasogea kwenye meza. Akakata uzi wangu kwa kisu, akaingiza mkono kwenye dagaa hadi kwenye kiwiko. Kanga ikatoka, nailoni ikatoka, shati la marehemu likatoka. Kamera ikakaa mezani mbele ya umati, imeshikwa na magamba.

Nikaishika upesi. “Si ya wizi, baba! Ni ya marehemu mume wangu. Nampelekea binti yetu.”

“Sijasema ni ya wizi, mama. Tulia.” Sauti yake ilikuwa ya upole. “Ila umeipakia vibaya. Ndoo hii ingeenda kwenye tumbo la ndege, huko mizigo inarushwa. Kioo hiki kingefika Dar kimekuwa chumvi. Na betri hizi za akiba haziruhusiwi huko chini kabisa. Zikigusana na chuma zinapata moto. Zikiwaka angani, nani atashuka kuzima?”

Akaitoa ile ya kwenye kamera, akakusanya na zile za akiba, kila moja akaitia kwenye mfuko wake. Maneno ya Jasuben matupu! Nilitamani ardhi ipasuke.

“Kamera na betri shika mkononi, usimpe mtu. Dagaa waende chini, tutawafunga upya. Na hili kopo?”

Nikajibu bila kuliangalia.

“Samli. Ya mtu. Nampelekea tu.”

Akalinyanyua kwa mkono mmoja. Nikaona bega lake linashuka, kama langu lilivyoshuka. Akaliweka chini, akalinyanyua tena kwa mikono miwili.

Akalirudisha kwenye mashine, peke yake.

Mimi nilikuwa upande wa kioo. Kopo lilionekana kama kivuli. Chini ya kivuli kulikuwa na bonge jeusi tii, jeusi kuliko chuma cha kamera.

“Mama,” alisema Chenge, na sasa upole ulikuwa umekwisha, “mizigo hii umepakia mwenyewe?”

Nikatazama uzi wangu uliokatwa pale mezani.

“Dada,” akamwita mkaguzi wa kike, “tusogee na mama chumbani.”

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, meza moja, viti viwili, na dirisha la juu ambalo huoni kitu. Nilikalishwa, kamera mapajani, pochi kwapani. Yule dada akasimama mlangoni. Nje nilisikia kipaza sauti kikiita abiria wa Dar es Salaam.

Chenge alikata soltepu. Samli ikanukia chumba kizima, samli nzuri, ya kweli, ya kule kwetu. Akachovya kijiko. Kikaingia nusu tu, kikagota.

Ko.

Wenzangu, nimesikia udongo ukianguka juu ya jeneza la mume wangu. Sauti ile ya kijiko ilinitisha kuliko udongo.

Akachokora, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kipande cha mpira wa tairi. Akapangusa mafuta, akafungua. Ndani kulikuwa na mawe ya manjano, yamekaa kama mbegu kubwa za mahindi.

Hakuna mtu wa Mwanza asiyejua ile rangi.

“Dhahabu,” akasema taratibu. “Kibali kiko wapi?”

“Baba, mimi sijui.”

“Hujui? Imo kwenye ndoo yako. Imeshonwa na uzi wako. Umeiweka chini ya dagaa wako. Mayu, mama, wewe ni mtu wa rika la mama yangu, sitaki kukutisha. Lakini usafirishaji huu ni kesi. Sio kesi ya faini uende nyumbani. Na ikiwa kesi, vyote vilivyokuwa kwenye hiyo ndoo ni vielelezo. Na kamera pia.”

Nikaikumbatia kamera. Kwa mara ya kwanza tangu fuso la mashemeji, nilihisi mikono ya watu wengine juu yake.

“Nani amekupa hili kopo?”

Nikaingiza mkono kwenye pochi, nikashika rozari.

“Naomba nisali kwanza.”

“Sali. Lakini ndege haitakungoja, na mimi nikishampigia mkubwa wangu simu sitaweza kukusaidia tena. Nitajie jina tu. Mtu mmoja. Ukinitajia sasa hivi, wewe ni shahidi. Ukinyamaza, wewe ndiye mwenye mali.”

Jina lilikuwa mlangoni mwa meno yangu. Ni jina ambalo mtaa mzima huniitia mimi mwenyewe! Tangu nimzae sijawahi kuwa Modesta kwa mtu yeyote ila kwa padri na marehemu. Nikilitamka, nampeleka mwanangu gerezani kwa ulimi uleule niliomwombea. Nikisema “ni yangu”, nimesema uongo mbele za Mungu, Precious anakosa kazi, kamera inakwenda kukaa stoo ya polisi ishikwe na kutu.

Nikasali Salamu Maria. Nikarudia. Nikasahau maneno katikati, mimi ninayeongoza rozari jumuiya nzima.

“Mama, nani amekusindikiza hapa?”

Nikatazama sakafu.

Chenge akamgeukia yule dada. “Nenda nje uulize nani yuko na mama mwenye ndoo ya dagaa. Sema kuna mzigo umezidi kilo. Usiseme jingine.”

Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumwambia Elias, kimbia. Tena papo hapo nilitaka aje. Nilisema moyoni, atakuja, ataona mama yake amekalishwa hivi, atapiga magoti, atasema “afande, ni mimi, mwacheni mama.” Nilimlea mimi. Alitumikia altareni huyu. Atasema.

Mlango ukafunguliwa.

Yule dada alirudi, na nyuma yake Elias akaingia, helmeti kwapani, anatabasamu, kikoti kinang'aa. Kisha akaliona kopo. Akauona mpira wa tairi. Tabasamu likaondoka lenyewe, kama mtu amelifuta.

Mimi hakunitazama.

“Kijana,” alisema Chenge, “huyu mama unamfahamu?”

Elias akahamishia helmeti kwapa la pili.

“Abiria wangu huyo, afande,” alisema mwanangu. “Mimi bodaboda tu. Nimemshushia ndoo yake.”

Ndipo nilipokielewa kile kikoti.

Hakukivaa kwa ajili ya trafiki. Alikivaa kwa ajili ya chumba hiki. Mimi niliifanyia ndoo ishara ya msalaba; yeye asubuhi ile alikuwa anavaa maneno haya mwilini. Alijua kwamba huenda nikakamatwa, na alishajiandaa kutokuwa wangu.

“Bodaboda,” alisema Chenge. “Umemtoa wapi?”

“Mjini, afande. Nyamagana. Alinisimamisha tu barabarani.”

“Hukumjua kabla?”

“Sikumjua.”

Mara ya ngapi hiyo amenikana, sikuhesabu. Nilisikiliza kama jogoo wa Injili atawika. Uwanja wa ndege hauna jogoo.

Chenge akanigeukia. “Mama. Wewe ndiye unayejua. Huyu ni bodaboda wako?”

Nikamtazama Elias. Sikio lake la kushoto lina kovu, alipoanguka kwenye mawe utotoni nikakimbia naye mgongoni hadi hospitali ya Bugando, kanga yangu imelowa damu. Kovu lilikuwa palepale. Mwanangu alikuwa anaogopa. Alikuwa anaogopa kuliko mimi.

Amri ya nane inasema usiseme uongo. Niliitafuta inayosema mama afanye nini. Sikuipata.

Nikafungua pochi. Zipu ikanikatalia, nikaivuta tena. Nikatoa noti, ile niliyoiweka ya kununulia chai Dar. Nikamnyooshea.

“Haya baba,” nikasema. “Chukua nauli yako. Umenifikisha.”

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Mungu atanihukumu kwa hilo nililosema, na ninyi pia nihukumuni, ndiyo maana naandika.

Elias akaitazama noti. Nilidhani sasa ndipo atakapovunjika. Nilimwomba kwa macho: kataa hii noti. Ikatae tu, mwanangu, hata usiseme kitu.

Akaichukua.

Akaichukua kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa, na goti moja limekunjika kidogo. Vile nilivyomfundisha tangu anapokea kiazi kitamu, kwamba kwa mzazi hupokei kwa mkono mmoja. Mwili wake ulifanya hivyo wenyewe. Mdomo umenikana, magoti yamesahau kukana.

Akageuka, akatoka. Nilisikia buti zake zikienda haraka, halafu haraka zaidi.

Chenge alikuwa bado anatazama pale mbele yangu, palipokuwa na ile mikono miwili.

Katika mji huu bodaboda hupokea nauli kwa mkono mmoja, macho yako kwa abiria mwingine, na mkono wa pili hautoki kwenye klachi. Hakuna anayepiga goti. Na Chenge ni Msukuma kama sisi. Naye kuna mwanamke mahali fulani aliyempa kiazi, akamchapa kwanza kiganja ndipo akajua kupokea.

Akainua macho, akanitazama. Akatazama mlango. Nikaona ukweli unamwingia usoni polepole, kama maji yanavyoingia kwenye mtumbwi.

“Baba,” nikamwambia, “nakuomba…”

Alirudisha mfuniko juu ya kopo, akamwonyesha yule dada kwa kidole kwamba nisitoke. Akachukua kofia yake mezani, akaivaa, akatoka akifuata zilikokwenda zile buti.